Daraja la Sanduku

Haya nitakayoyasimulia hayakutokea kwetu. Kwetu mambo yamenyooka, kila mtu anajua. Yalitokea Jamhuri ya Sawasawa, nchi iliyo mbali kidogo, na yeyote anayedhani anaifahamu atakuwa amefananisha tu. Kazi yangu mimi ni kusimulia. Kazi yako ni kusikiliza bila kumkonyeza uliyekaa naye.

Katika nchi hiyo, Mtaa wa Pangusa, aliishi Bi Stumai Kilongola, fundi redio. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mdomo mwepesi, na vidole vilivyoweza kufufua redio ambayo mwenyewe ameshaigeuza kizuizi cha mlango. Miguu yake ilikataa kazi tangu akiwa na miaka minne, alipougua polio, naye hakuwa na ugomvi nayo. Alikuwa na kigari chake cha magurudumu matatu, cha kuendesha kwa mikono, na kwenye barabara nzuri kigari kile kilikuwa kinawaacha wenye baiskeli wakisonya.

Shida ni kwamba barabara nzuri ilikuwa ng'ambo ya mtaro.

Mtaro ule ulichimbwa na baraza la mji miaka kumi na mmoja kabla ya siku ninazozisimulia, hatua nne kutoka mlangoni kwake, ili lipite bomba la maji. Bomba halikupita. Mtaro ukabaki, mpana wa kuruka kwa kujipanga na wenye kina cha kumfika mtu mzima kifuani. Watu wa Pangusa, ambao si watu wa kulalamika, wakajifunza kuruka. Walikuwa wanarudi nyuma hatua sita, wanakunja nguo, wanaruka. Walimu waliruka na madaftari, wazee waliruka na bakora mkononi, na bibi harusi mmoja aliruka na shela lake akashangiliwa pande zote mbili. Mheshimiwa Diwani, Baltazari Nguzo, alisimama kwenye mkutano wa hadhara akausifu mtaro kwa kuinua kiwango cha riadha katika kata.

Bi Stumai alikuwa haruki. Akitaka kuvuka, ilibidi jirani yake, Mzee Kindamba, dereva mstaafu wa katapila, amweke mgongoni ashuke naye na kupanda naye, huku watu wengine wawili wakikibeba kigari juu juu. Mzee Kindamba alikuwa hasemi neno, lakini mgongo wake ulikuwa unalia kwa niaba yake. Bi Stumai alikuwa anachukia kubebwa. Hilo nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alilisema wazi: alikuwa anachukia kutoka moyoni, na akishushwa ng'ambo alikuwa anakaa kimya dakika nzima kabla hajarudiwa na maneno yake.

Mwaka huo, Umoja wa Mafundi Wanawake ulimpa kizimba namba saba katika soko la Pangusa, kizimba chenye umeme na kivuli, mwendo wa dakika tano kwa kigari. Sharti lilikuwa moja: kifunguliwe kila siku ya kazi kuanzia wiki ya pili baada ya uchaguzi, la sivyo apewe mwingine. Akakipenda kizimba kile kabla hajakiona. Lakini kubebwa kwenda na kubebwa kurudi, kila siku, na mzee wa miaka sabini na moja? Alimwandikia Diwani barua ya kuomba daraja, ya kumi na tisa. Diwani akajibu kama alivyojibu kumi na nane za mwanzo, kwamba daraja liko kwenye mpango, mpango uko kwenye faili, na faili liko kwenye mikono salama.

*

Habari za sheria mpya alizipata kwenye redio ya mteja, wakati anaijaribu kama imepona.

"Serikali ya Sawasawa," alisema Waziri kwa sauti iliyoshiba, "imeamua kuwafuata ndugu zetu wenye ulemavu majumbani mwao. Watapiga kura wakiwa nyumbani. Hatutaki hata mmoja wao apate taabu ya kutoka nje."

Bi Stumai akapunguza sauti.

"Mzee, umesikia hiyo? Mimi hiyo ndiyo taabu ninayoitafuta miaka yote. Taabu ya kutoka nje."

"Chukua unachopewa, mwanangu," alisema Mzee Kindamba, ambaye alikuwa amekuja kujinyoosha mgongo kwenye benchi lake. "Na mimi nipumzike."

Bi Stumai akaona hilo nalo neno. Tena uchaguzi uliopita alikuwa amebebwa kwenda kituoni na vijana wa chama kimoja, kwa nyimbo na vigelegele, na alipokwisha kupiga kura alikuta wabebaji wote wametoweka, maana kura imeshaingia na sasa wa nini? Alikaa pale kituoni mpaka jioni akila karanga. Basi akaagiza fomu.

Fomu ya Kura ya Nyumbani ilikuwa na kurasa kumi na nne. Iliuliza kama ulemavu wa mwombaji unatarajiwa kuendelea mpaka siku ya uchaguzi. Iliuliza ni lini mwombaji aligundua kwamba ni mlemavu, na kama aliripoti. Ilitaka picha mbili, moja akiwa ameketi na nyingine akiwa amesimama akionyesha kwamba hawezi kusimama. Bi Stumai alijaza yote kwa mwandiko mzuri, na mahali pa picha ya pili akabandika picha ya Mzee Kindamba amesimama kando ya kigari kitupu. Ikapita.

*

Wiki iliyofuata akaja Bwana Fulgensi Mtalikwa, Afisa Mwandamizi wa Kura za Majumbani. Alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye suti ya kijivu, futi ya kupimia shingoni na kitabu cha kanuni kwapani. Kitabu kile kilikuwa kinene, naye alikuwa anakipapasa kila baada ya muda kuhakikisha bado kipo. Alifika ukingoni mwa mtaro, akarudi nyuma hatua sita, akakunja suruali, akaruka vizuri tu. Walioona walimpa alama nane kati ya kumi.

"Shikamoo, mama," alisema, ingawa walikuwa karibu rika moja. "Kwa mamlaka niliyopewa, nimekuja kuigeuza nyumba yako kuwa kituo."

"Marahaba. Karibu ukae kwanza."

"Siwezi kukaa. Kanuni ya Tatu: mkaguzi hukagua akiwa wima."

Akapima mlango, akapima dirisha, akapima umbali kutoka kitandani mpaka jikoni. Akauliza foleni itakaa wapi.

"Foleni ya nani?" aliuliza Bi Stumai. "Mpiga kura niko peke yangu."

"Kituo bila foleni si kituo, mama, ni sebule." Akachora mstari wa chaki sakafuni, kutoka mlangoni mpaka kwenye kigari. "Utajipanga hapa."

Yote yalikwenda vizuri mpaka alipotoka nje kuangalia njia ya kupitisha sanduku la kura. Hapo akasimama. Akautazama mtaro kama vile haukuwepo alipokuja. Akafungua kitabu na kusoma kwa sauti, taratibu:

"Kanuni ya Kumi na Saba. Sanduku la kura ni mwakilishi wa mamlaka ya wananchi wote. Kwa hiyo halirukishwi, halirushwi, halibebwi kichwani, halipandishwi mgongoni, halishushwi shimoni wala haliinamishwi. Sanduku husafiri juu ya magurudumu, njia ikiwa tambarare, kwa heshima."

Akafunga kitabu. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Mama, watu wanaishije hapa? Sanduku haliwezi kupita."

"Hata mimi siwezi."

"Ndiyo, lakini hili ni sanduku."

Bi Stumai alimtazama sana. Alitaka kukasirika akakuta kicheko kimetangulia, akacheka mpaka akafuta macho na ukosi wa blauzi. Bwana Fulgensi hakuelewa kilichochekesha. Alikuwa ameshapiga simu makao makuu kuripoti dharura.

*

Sasa hapa ndipo utakapoona Sawasawa ni nchi ya watu wanaoweza kazi, wakitaka. Simu ilipigwa saa nne asubuhi. Saa sita kamati ya dharura ilikutana. Saa tisa wahandisi watatu wenye kofia za njano walikuwa ukingoni mwa mtaro, na kesho yake, kabla ya adhana ya adhuhuri, daraja lilikuwa limesimama: nguzo za chuma, mbao nene zilizopigwa randa, kingo mbili za kushikia, na mteremko laini kila upande ili Sanduku lisipate mtikisiko.

Bi Stumai alikaa mlangoni siku zote mbili, bisibisi mkononi, hakutengeneza hata redio moja. Kila ubao uliopigwa msumari aliusikia kifuani. Alikuwa na furaha, alikuwa na hasira, na vyote viwili vilikuwa vinamjia kwa wakati mmoja.

"Barua kumi na tisa, Mzee," alimwambia Mzee Kindamba. "Zote niliandika mimi ni raia. Ningeandika mimi ni sanduku, ningevuka zamani."

Mafundi walipoondoka, aliingia kwenye kigari akasukuma kuelekea darajani. Mbele yake akatokea askari wa kike, Konstebo Anzawe, mrefu, mwenye sura ya mtu asiyependa alichotumwa.

"Samahani, dada," alisema Konstebo, akamwonyesha kibao kilichokuwa kinanuka rangi mbichi. DARAJA HILI NI KIFAA CHA UCHAGUZI. NI KWA AJILI YA SANDUKU NA WATUMISHI WAKE TU. LITAONDOLEWA SIKU YA TATU BAADA YA KURA.

Bi Stumai alikisoma mara mbili. Gurudumu lake la mbele lilikuwa linagusa ubao wa kwanza. Akageuza kigari taratibu akarudi ndani.

*

Siku moja kabla ya uchaguzi, Mheshimiwa Diwani alikuja mwenyewe. Alivuka kwa kuruka, kwa kuwa Konstebo Anzawe alimkatalia daraja naye pia, na alifika mlangoni akihema.

"Stumai, dada yangu," alisema, akikaa bila kukaribishwa. "Umeliona daraja nililokuletea?"

"Nimeliona, Mheshimiwa. Nilidhani limeletwa na sanduku."

"Sanduku ni chombo tu. Nyuma ya chombo kuna mtu." Akajipangusa jasho. "Sasa sikiliza. Hapa kwako patakuwa na kura moja. Jioni itahesabiwa, itatangazwa, na matokeo yatabandikwa mlangoni, ndiyo sheria. Mimi naheshimu sana siri ya kura, siri ni nguzo ya nchi yetu. Lakini matokeo nayasoma. Nikisoma vizuri, daraja linabaki. Nikisoma vibaya," akainua mikono kama mtu anayeachia kitu kidondoke, "basi ni kifaa cha uchaguzi, kitaondolewa kama ilivyoandikwa."

Alipoondoka, Bi Stumai alibaki na mambo mawili mbele yake, na hakuhitaji kuelezwa. Mgombea mwingine, mpinzani wa Diwani, alikuwa Mwalimu Perpetua, mwanamke ambaye kwa miaka mitano aliruka mtaro kila Jumamosi kuja kusoma naye barua za baraza na kumsaidia kuzijibu. Kura ya Bi Stumai ilikuwa ya Mwalimu Perpetua, moyoni ilikwishapigwa zamani. Lakini kizimba namba saba kilikuwa ng'ambo, na kati yake na kizimba kulikuwa na daraja, na daraja lilikuwa mfukoni mwa Baltazari.

"Mpe tu," alisema Mzee Kindamba, bila kumtazama. "Kura moja ni nini? Upate njia yako."

"Mzee, nikimpa, nitakuwa nimebebwa tena," alisema Bi Stumai. "Na huyu, mgongo wake siutaki."

*

Siku ya kura, Sanduku liliwasili saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Lilikuwa juu ya toroli lenye magurudumu ya mpira, limefunikwa kitambaa cheupe, na karani mmoja alikuwa analishikia mwavuli. Mbele alitembea Bwana Fulgensi, nyuma mawakala wawili wa vyama, nyuma yao mtazamaji kutoka nchi ya kigeni aliyekuwa anaandika kila kitu. Lilipopanda darajani wote wakapunguza mwendo. Lilipofika ng'ambo salama, mtazamaji akapiga makofi.

Saa moja kamili Bwana Fulgensi alitangaza kituo kimefunguliwa. Bi Stumai alijipanga kwenye mstari wa chaki, akiwa wa kwanza na wa mwisho.

"Kwa mujibu wa Kanuni ya Tisa," alisoma Bwana Fulgensi, "watu wenye ulemavu wapishwe mbele. Waliopo kwenye foleni, mna pingamizi mama huyu kupita mbele yenu?"

Kimya.

"Mama, wamekuruhusu."

"Waambie nashukuru," alisema Bi Stumai, akasogeza kigari kwa heshima zote.

Akajifungia nyuma ya pazia la kanga mbili. Aliishika kalamu. Aliwaza kizimba. Aliwaza kivuli chake, umeme wake, sauti za watu wakipita na kusimama. Kisha akaweka alama kwa Mwalimu Perpetua, akakunja karatasi, akatoka, akaitumbukiza. Ilikuwa saa moja na dakika sita.

"Tayari," alisema. "Basi hesabuni, mwende mkapumzike."

"Hapana, mama. Kituo hufungwa saa kumi na moja jioni."

"Na mpiga kura wenu ameshamaliza?"

"Huenda akachelewa mwingine."

Basi wakakaa. Watu sita kwenye sebule ya hatua tano, wanalilinda sanduku lenye karatasi moja, saa kumi mfululizo. Na hapa Bi Stumai alipata taabu ya kweli, kwa sababu Pangusa mgeni hatoki nyumbani kwako hajala, hata kama amekuja kukudai au kukukamata, na yeye alikuwa ameinjika wali wa nazi na maharage tangu alfajiri.

"Chakula ni rushwa," alisema Bwana Fulgensi, akivuta harufu kwa pua. "Kanuni ya Ishirini na Sita."

"Na mimi nikila peke yangu mbele ya wageni ni aibu. Mama yangu atageuka kaburini."

Walijadiliana mpaka saa saba. Mwisho mtazamaji wa kigeni, ambaye tumbo lake lilikuwa linanguruma kwa lugha zote, aliuliza kama kanuni inakataza mwenye nyumba kuwaomba watu wamkagulie chakula kama kimeiva. Bwana Fulgensi akapekua. Haikatazi. Walikagua masufuria yote mawili mpaka ukoko, na wakala wa Mheshimiwa Diwani akakagua mara tatu.

Baada ya kula, ili watu wasisinzie, Bwana Fulgensi alianza kusoma kitabu cha kanuni kwa sauti, kutoka Kanuni ya Kwanza. Alisoma kwa mahaba. Karani akasinzia hapo hapo. Mawakala wakafuata. Mtazamaji alikuwa anaandika akiwa amefumba macho. Bi Stumai peke yake alisikiliza yote, mikono mapajani, kama anavyoisikiliza redio mbovu, neno kwa neno, akitafuta waya uliokatika.

Kwenye Kanuni ya Arobaini na Moja akainua kichwa.

"Hiyo, baba. Irudie."

Bwana Fulgensi, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuombwa kurudia kanuni, alikaribia kulia. Akairudia. Na ile ya Arobaini na Mbili pia.

*

Saa kumi na moja wakahesabu. Ilichukua dakika arobaini, kwa sababu lazima zihesabiwe mara tatu na zipangwe kwa mafungu. Bwana Fulgensi alisimama wima kabisa.

"Waliojiandikisha, mmoja. Waliojitokeza, mmoja. Hii ni asilimia mia moja, ni rekodi ya taifa. Perpetua, kura moja. Baltazari Nguzo, kura sifuri. Katika kituo hiki, mama Perpetua ameshinda kwa kishindo."

Karani akabandika karatasi mlangoni, kubwa, mhuri juu. Wakala wa Diwani alikuwa ameshatoka nje na simu sikioni. Haikupita nusu saa, Mheshimiwa mwenyewe akaruka mtaro, akaisoma karatasi, akatabasamu kwa huzuni ya kuigiza.

"Mafundi waje siku ya tatu asubuhi," alisema kwa sauti ya kusikika na mtaa mzima. "Liondolewe hata msumari usibaki. Pole, dada yangu. Sheria ni sheria."

"Ni kweli, Mheshimiwa," alisema Bi Stumai. "Bwana Fulgensi, naomba fomu ya malalamiko."

"Malalamiko juu ya nini, mama?"

"Kura ni siri, siyo? Mmeandika mlangoni kwangu nimempa nani. Wapita njia wote wanasoma. Nakilalamikia kituo, chote, na vifaa vyake vyote. Sasa wasomee Arobaini na Moja."

Bwana Fulgensi akafungua kitabu. Alianza kusoma kwa kawaida yake, na katikati sauti ikaanza kumnyong'onyea, si kwa woga, kwa furaha ya mtu anayeona kanuni yake ikifanya kazi.

"Kanuni ya Arobaini na Moja. Kituo kikilalamikiwa, hakuna kifaa chake kitakachoondolewa, kusogezwa wala kubomolewa, mpaka malalamiko yatakapoamuliwa. Arobaini na Mbili. Mlalamikaji atakuwa na haki ya kukikagua kifaa chochote cha kituo, kwa mguu au kwa chombo, kila siku na mara nyingi apendavyo, ili kujiridhisha kwamba hakijaharibiwa."

"Na malalamiko huamuliwa baada ya muda gani?" aliuliza Mheshimiwa.

"Kwa sasa," alisema Bwana Fulgensi, "Baraza linasikiliza yale ya uchaguzi wa mwaka niliooa. Mwanangu wa kwanza yuko chuo kikuu."

Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili za mtaro. Kikaanza kicheko ng'ambo, kikavuka chenyewe. Bi Stumai akatia saini, akakabidhi fomu, akapewa nakala yenye mhuri. Kisha akageuza kigari akaelekea darajani, na Konstebo Anzawe akasogea pembeni, akapiga saluti.

"Unakwenda kukagua, dada?"

"Nakwenda kukagua."

Akapanda. Mbao zilinguruma chini ya magurudumu, mteremko ukamchukua, na alipofika ng'ambo hakukaa kimya dakika nzima kama zamani. Alikuwa anaongea kabla hajafika, anaongea peke yake, anawaambia mbao, kingo na misumari ahsante kwa majina yao. Akapinda kulia akashika barabara. Mzee Kindamba, aliyekuwa amesimama kando na mkono kiunoni, aliona ajabu kwamba hakuna anayemhitaji, akakaa chini akalia kidogo, na hakuficha.

*

Mheshimiwa Baltazari alishinda udiwani. Nisikufiche. Alipata asilimia mia na mbili, akapunguziwa mbili ili asionekane ana tamaa. Na kwa kuwa daraja sasa lilikuwa haliondoki, alifanya lile ambalo mtu mwenye busara ya Sawasawa angefanya: akaamua kulizindua.

Ilikuwa Jumanne ya wiki ya pili baada ya uchaguzi, saa nne asubuhi. Walikuja Waziri, bendi ya shaba, wapiga picha, na Bwana Fulgensi aliyealikwa kushika mkasi. Utepe ulifungwa kutoka ukingo mmoja wa daraja hadi mwingine, upande wa nyumbani, na Konstebo Anzawe akaandika kwenye daftari kwamba kifaa kimeongezewa pambo. Waziri alihutubia saa moja na robo. Alisema daraja hili ni ushahidi kwamba serikali haijawahi kumsahau mtu yeyote nyumbani kwake. Alisema atalivuka kwa mara ya kwanza yule aliyelililia, mama yetu mpendwa, akisukumwa na Diwani wake mwenyewe, na picha zitakwenda dunia nzima. Bendi ikapiga. Diwani akavaa glavu nyeupe za kusukumia, akaenda mlangoni akabisha hodi kwa madaha, akijua kamera zinamtazama.

Hakuitikiwa. Akabisha tena. Bendi ikarudia ubeti.

Dirisha la nyumba ya pili likafunguliwa, Mzee Kindamba akatoa kichwa, mswaki mdomoni.

"Mnamtafuta Stumai?"

"Tunamtafuta," alisema Mheshimiwa. "Mwambie atoke, Waziri anamsubiri."

"Ametoka saa moja," alisema Mzee Kindamba. "Hakusema atarudi saa ngapi."